Mwizi wa Hewani na Ada ya Kutoa: Kweli na Uongo Kuhusu Kulipa kwa Simu Dukani

Katika Kivu ya Kaskazini, habari za kulipa kwa simu zinatufikia kwa njia mbili. Ya kwanza ni video za WhatsApp na masimulizi ya ndugu walio Brussels au Paris: mtu anaingia dukani, anasogeza simu karibu na mashine, mashine inalia, anachukua mkate wake na kwenda. Ya pili ni soko lenyewe, kuanzia Birere mjini Goma hadi Mubi kule Walikale, ambako mnunuzi anabonyeza nyota na tarakimu, anangoja, na mwenye duka naye anangoja huku akiitazama simu yake. Kwa ufundi hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, lakini midomoni mwa watu yamekuwa jambo moja. Ndiyo maana unaweza kukutana na mtu anayeogopa mwizi wa hewani, na namba yake ya siri ameiandika kwa kalamu nyuma ya simu.

Tuyachambue yanayosemwa. Hayana uzito sawa, kwa hiyo mengine tutayapita haraka.

«Mwizi akipita karibu nawe na mashine yake, pesa zinatoka mfukoni mwako»

Uongo. Kwa mteja wa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money uvumi huu hauna hata pa kushika, kwa sababu malipo yake sokoni hayaendi kwa kugusisha simu. Yanapita kwenye mtandao wa kampuni, na hayaondoki mpaka mwenyewe aingize namba yake ya siri.

Hata huko Ulaya wanakogusisha, mwizi wa namna hiyo ana kazi ngumu. Redio ndogo iliyo ndani ya simu, inayotumia mawimbi ya megahezi 13.56, inasikika umbali wa sentimita nne hivi. Skrini ikiwa imefungwa, kwa kawaida simu hailipi kitu mpaka mwenyewe aifungue kwa kidole, uso au tarakimu. Na hata ikilipa, haitoi namba halisi ya kadi ya benki: inatoa namba ya badala, pamoja na msimbo unaofaa kwa malipo hayo moja tu. Atakayeunasa amebaki na tarakimu zisizonunua hata sabuni.

Hofu hiyo ilizaliwa na kadi za plastiki za kugusisha, ambazo kwa kiasi kidogo hazidai namba ya siri. Uingereza, kwa mfano, ilipandisha kikomo cha kadi hizo hadi pauni 100 mwezi Oktoba 2021, na magazeti ya huko yakajaa maswali. Maswali yao yakavuka bahari na kutufikia yakiwa yamebadilika kuwa habari ya simu. Huku kwetu Apple Pay, iliyoanza Marekani Oktoba 2014, haijafunguliwa kwa benki za Kongo. Aliyekuwa na kadi ya Rawbank, TMB au Equity BCDC mjini Goma aliweza kuitumia katika maduka makubwa machache. Ukitoka Sake ukapanda kuelekea Masisi, hadithi ya mashine za kadi inakwisha.

«Bila smartphone na intaneti huwezi kulipa»

Uongo, na uongo huu unawanyima watu huduma iliyo mikononi mwao. Simu ndogo ya tochi, ile ambayo betri yake inamaliza siku kadhaa, inalipa sawasawa na simu ya dola mia tano. Ukibonyeza \*1122# kwa Vodacom, \*501# kwa Airtel au \*144# kwa Orange, ombi lako linasafiri katika njia ileile ya ishara ambayo mtandao wa simu unatumia kwa kazi zake za ndani. Halihitaji intaneti hata chembe. Linachohitaji ni rezo, yaani mtandao wa simu.

Na hapo ndipo Walikale inapotesa. Wilaya nzima ni msitu na milima, minara iko kwenye vituo vya watu, na kwenye machimbo mengi mtu anajua ni kichuguu gani cha kupanda ili simu ishike. Siku hizi kuna wanaosema kwamba Starlink imemaliza tatizo hilo. Serikali iliipa leseni mwezi Mei 2025, ni kweli, lakini Starlink inaleta intaneti, na zile nyota na alama za reli hazipandi kwenye satelaiti hiyo. Utafungua programu ya kampuni kwenye smartphone, kama unayo. Mwenye simu ya tochi atabaki akiitafuta rezo kilimani.

Rezo dhaifu ina hatari moja ambayo haizungumzwi sana. Umeingiza namba ya siri, skrini imekwama, kisha maandishi yamefutika. Je, pesa imekwenda? Pengine imekwenda, kwa maana ombi linaweza kuwa limefika ingawa jibu halikurudi. Anayerudia papo hapo ndiye anayelipa mara mbili. Tazama salio kwanza, hata kama watu nyuma yako wananung'unika.

«Haya mambo yaligunduliwa Kenya, sisi tulifuata»

Nusu. Safaricom ilizindua M-Pesa Machi 2007, na huko Kenya simu imeingia dukani kwelikweli. M-Pesa ya Vodacom Congo ilikuja mwishoni mwa 2012.

Lakini kuna ukurasa ambao Wakongo wenyewe wameusahau. Kabla ya M-Pesa ya Kenya kuzaliwa, kampuni iitwayo Celpay ilikuwa tayari inafanya kazi hapa. Baada ya vita vya mwaka 1998 hadi 2003, wapiganaji walioweka silaha chini waliahidiwa posho ya dola 25 kwa mwezi, kwa mwaka mmoja. Nchi haikuwa na benki nje ya miji mikuu, na kubeba magunia ya noti hadi kila pembe ilikuwa ni kumwita mwizi kwa jina. Basi posho zikapitishwa kwa simu za Celpay, kwa mawakala waliosambazwa mikoani, na waliolipwa hivyo walipita laki moja. Askari wa zamani akipokea pesa kwa simu katika nchi isiyo na barabara: hilo lilitangulia kila tangazo la televisheni tunaloliona leo.

«Ujumbe ukiingia, pesa imeingia»

Uongo, na katika yote yaliyomo humu huu ndio unaokula wenye maduka.

Ujumbe ni maandishi tu. Yeyote mwenye simu anaweza kuandika sentensi inayofanana neno kwa neno na ile ya kampuni, akaweka kiasi, akaweka jina lako, akaituma. Mchezo huchezwa jioni, wakati duka limejaa na mama mwenye duka anapima mchele kwa mkono mmoja na kurudisha chenji kwa mwingine. Mteja anaonyesha skrini: «Mama, tazama, imekwenda.» Simu ya mama inalia, anasoma haraka, anatoa gunia. Usiku akihesabu, salio halijasogea. Ujumbe wa kweli unakuja kwa jina la huduma. Ule wa uongo mara nyingi umetoka kwa namba ya kawaida ya mtu. Ila katika giza na kelele, nani anatazama ujumbe umetoka wapi?

Mchezo huo una ndugu yake. Ujumbe bandia unaingia, kisha simu inapigwa, sauti ya unyenyekevu: «Papa, nilikosea namba, ilikuwa pesa ya dawa ya mtoto, naomba unirudishie.» Mzee wa watu anarudisha, na anachorudisha ni pesa yake mwenyewe. Mtu aliyekosea kweli ana njia nyingine: anaiarifu kampuni yake, nayo inaweza kuizuia pesa kama haijatolewa. Huna deni la kumrudishia kabla hujaangalia salio lako.

Haki itendeke na upande wa pili. Penye rezo ya kusuasua, pesa inaweza kuingia na ujumbe ukachelewa saa nzima. Nimeona wateja wakisimamishwa kaunta kama washtakiwa, na pesa yao imeshafika zamani. Salio ndilo linalowaokoa wote wawili: mwenye duka afungue menyu, aingize namba yake, asome tarakimu. Inachukua chini ya dakika moja, na wale wanaoona ni kumdharau mteja hawajawahi kupoteza gunia.

Kuhusu namba ya siri, mazoea yetu ni mabaya. Bibi asiyesoma anampa kijana wa kibanda simu yake pamoja na tarakimu nne, kwa sauti, mbele ya foleni. Kijana anaweza kuwa mwaminifu kabisa. Walio nyuma ya bibi wote wamesikia. Na anayepiga simu akijiita mtu wa kampuni, akataka tarakimu hizo, hajatoka kwenye kampuni yoyote.

«Kulipa kwa simu dukani ni bure»

Inategemea, na watu wengi wamelielewa jambo hili kinyume.

Kuna namna mbili za kumlipa mwenye duka. Moja ni kutumia namba ya biashara, iliyoandikishwa kama duka. Kenya ilifanya hivyo kuanzia 2013 kwa Lipa na M-Pesa: kwa namba ya kununulia bidhaa, mnunuzi halipi ada, na duka linakatwa asilimia 0.55. Makampuni ya Kongo nayo yana namba za wafanyabiashara. Namna ya pili ndiyo unayoikuta Masisi na Walikale karibu kila mahali: unamtumia mwenye duka pesa kwenye namba yake binafsi, kama unavyomtumia shemeji. Anayeuza kwenye meza ya mbao, asiye na karatasi za biashara, hana namna nyingine.

Sasa pesa iko kwenye simu yake, naye anataka noti. Atakwenda kwa wakala, na wakala atakata ada ya kutoa. Hiyo ada hataki kuibeba yeye, kwa hiyo utasikia: «Ongeza na frais ya retrait.» Mnunuzi analipa ada ya kutuma, kisha analipa ada ya kutoa ya mtu mwingine. Bei ya sukari imepanda bila kibao kubadilika. Kampuni haijadanganya popote. Wauzaji na wanunuzi ndio waliogeuza kifaa cha kutuma pesa nyumbani kuwa kifaa cha kununulia, na gharama ikaangukia aliye dhaifu katika mapatano.

Lakini fuata pesa hatua moja mbele. Mwenye duka wa Mubi au Masisi anaagiza bidhaa Goma. Kama mwenye depo ya Birere anakubali kulipwa kwa simu, yule wa Mubi hana haja ya kutoa noti, na ada ya kutoa haizaliwi kamwe. Mfanyabiashara anayekudai frais huku yeye anamlipa mgavi wake kwa simu anakutoza kitu ambacho yeye hakilipi. Muulize kwa upole. Nyuso hubadilika.

«Dola ya simu haichaniki»

Kweli tupu. Tangu mfumuko wa bei wa miaka ya 1990 uliposababisha watu waikimbie zaire, na hata baada ya faranga kurudi mwaka 1998, Kongo inahesabu mambo makubwa kwa dola. Na tuna ukali juu ya dola ambao Mmarekani mwenyewe haujui: noti yenye mpasuko mdogo kama ukucha, yenye alama ya kalamu, au ya zamani yenye kichwa kidogo, inakataliwa au inakatwa thamani. Kwenye simu una mifuko miwili, mmoja wa faranga na mmoja wa dola, na dola iliyo mle haina pembe wala rangi. Kumlipa mtu dola 20 bila kugombania pembe ya noti ni raha ambayo hakuna tangazo limewahi kuisema. Angalia tu, ukilipa bidhaa ya faranga kutoka mfuko wa dola, ni nani amepanga kiwango cha kubadilisha. Mara nyingi ni mwenye duka, na hakukosea kwa hasara yake.

«Simu ikipotea, pesa zimepotea»

Uongo. Pesa haiko ndani ya simu wala ndani ya kadi ya laini. Iko kwenye daftari la kampuni, na Benki Kuu inadai kiasi kilekile kiwekwe benki. Piga kwa kampuni uizuie laini, kisha uirudishe kwa kitambulisho. Shida ni kwa wale ambao laini yao iliandikishwa kwa jina la mtu aliyewauzia barabarani. Kwa hao, uongo huu unaweza kugeuka ukweli.

«Pesa ya simu haipiti kizuizini»

Kweli kwa sehemu kubwa. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS, taasisi ya Ubelgiji, walitoa hesabu ya vizuizi 798 katika barabara za Kivu zote mbili, vya jeshi, vya makundi yenye silaha na vya watumishi wa serikali. Mama anayetoka Masisi na maharagwe analipa kwenye kamba ya kizuizi kimoja baada ya kingine. Noti zake za mauzo zikirudi kwa simu, kamba hazizioni. Lakini bunduki hujifunza. Watekaji nyara wa Rutshuru wamekwisha kudai fidia kwa simu, na anayekuelekezea mtutu anaweza pia kukuamuru ufungue menyu.

«Simu imeua noti»

Huu uongo tuliulipia mwaka 2025.

Januari 23 Sake ilianguka mikononi mwa waasi wa M23. Januari 27 wakaingia Goma. Benki zikafunga milango, na tawi la Benki Kuu nalo. Watu waliokuwa na mishahara kwenye akaunti walivuka mpaka kwenda Gisenyi kutafuta mashine za kutolea pesa. Waliobaki wakageukia mawakala chini ya miavuli, na kwa wiki chache ikaonekana kana kwamba simu imekuwa benki ya mji mzima.

Ilikuwa, lakini benki isiyo na sanduku. Wakala anaishi kwa kubadilishana: asubuhi ana noti, jioni ana salio, au kinyume chake. Akiishiwa noti anazichukua benki. Akiishiwa salio anapeleka noti benki apate salio. Benki zilipofungwa, mzunguko huo ulikatika upande mmoja. Mishahara na misaada ya ndugu iliendelea kumiminika kwenye simu kutoka Kinshasa na ng'ambo, na kila aliyepokea alitaka noti. Salio likarundikana kwa mawakala, noti zikaadimika, na ada ya kutoa ikapanda kuliko bei iliyobandikwa ukutani. Noti zilizobaki zilizunguka mpaka zikawa kama vitambaa vya kufutia meza, kwa kuwa mpya hazikuja.

Aliyeweza kununua bila kutoa alinunua bila kutoa. Hapo ndipo kulipa dukani kwa simu kulipopata maana yake halisi: pesa iliyobaki ndani ya simu ilikuwa na thamani kamili, iliyotoka ilikuwa imemegwa. Maduka yaliyokubali namba bila kudai frais yalipata wateja wapya bila tangazo. Aprili 7 wakuu wa M23 walifungua tena CADECO mjini Goma, shirika la zamani la akiba, kujaribu kupunguza kiu hiyo ya noti.

Magharibi, kule Walikale, hali ilikuwa mbaya kwa namna nyingine. Machi 13 mgodi wa bati wa Bisie ulisimamisha kazi, Machi 19 M23 waliingia Walikale-kati, wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Kibanda cha wakala hakina maana mwenye kibanda akiwa amekimbilia msituni.

«Siku hizi hata dhahabu ya Omate inalipwa kwa simu»

Uongo, ingawa nimeusikia ukisemwa kwa fahari. Omate ni chimbo la dhahabu la Walikale. Jina lake liliingia katika ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa mwaka 2010, kwa ugomvi wa makampuni juu ya nani ana haki ya kuchimba na kwa mkono wa wanajeshi ndani yake. Mwaka huohuo, mwezi Septemba, Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema hadi Machi 2011.

Kwenye mashimo, dhahabu inanunuliwa kwa noti, au imeshaliwa mapema: mnunuzi alitoa chakula na vifaa miezi iliyopita, na mchimbaji analipa kwa mavuno. Sababu haihitaji mtaalamu. Rezo haina uhakika, kiasi ni kikubwa, na dhahabu nyingi ya huko haitaki kuacha jina kwenye daftari la kampuni yoyote.

Simu inaingia baada ya hapo. Mchimbaji mwenye noti anataka zifike kwa mkewe Masisi au Goma, na barabara imejaa kamba. Mnunuzi wa dhahabu, kwa upande wake, anahitaji noti machimboni na ana salio kutoka kwa tajiri wake wa mjini. Wakala aliye kati yao anapokea noti za mmoja na kumpa salio la mwingine, anakata ada pande zote mbili, na noti zinarudi shimoni kununua dhahabu nyingine bila kupita barabarani. Oktoba 2025 wakia moja ilivuka dola 4,000 sokoni duniani. Mnunuzi aliiona bei hiyo kwenye skrini, akapima dhahabu kwa kipimo cha tola, akafungua begi la noti.